Kitu Chako Mkononi mwa Mwingine: Mwongozo kwa Mwenye Mali wa Ubundu

Ubundu ni mahali ambapo mizigo hubadilisha mikono. Boti inayotoka Kindu haiwezi kupita hapa, kwa kuwa kati ya Ubundu na Kisangani mto Lualaba unaanguka kwenye maporomoko saba ya Boyoma. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906, enzi mji huu ukiitwa Ponthierville. Na ndiyo sababu hadi leo gunia la mchele au bidoni la mafuta ya ngazi hushuka pirogini, hulala kwenye depo ya mtu, hupanda baiskeli au moto (pikipiki), kisha hupokelewa Lubunga, komini ya Kisangani iliyo ng'ambo ya mto, na mtu mwingine kabisa. Kila mzigo unapokabidhiwa, kuna nafasi ya kupotea, kuzuiliwa, kuuzwa na asiye mwenyewe, au kufika umeharibika.

Hasara ikitokea, wengi hukimbilia neno "mwizi", kisha hukimbilia polisi au kundi la vijana. Lipo swali linalotangulia, nalo ni hili: kitu kilitokaje mkononi mwako? Jibu lake ndilo linaloamua kama kesi ni ya jinai au ya madai, uanzie ofisi gani, na ushahidi upi utakuokoa. Ukikosea hapo mwanzo, unaweza kuzunguka miezi mingi, ukatumia fedha zaidi ya thamani ya baiskeli yenyewe, na baiskeli usiipate.

Sheria inalinda nini

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inasema mali binafsi ni takatifu, iwe imepatikana kwa sheria au kwa mila. Kifungu hicho hicho kinaongeza jambo ambalo watu wachache hulikumbuka: hakuna anayeweza kukamatiwa mali yake isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka ya mahakama yenye uwezo. Kinga hiyo ni yako, lakini ni ya mdeni wako pia. Hata kama anadaiwa na kila mtu sokoni, nawe ukiwemo, huna ruhusa ya kuingia kwake na kuondoka na redio.

Chini ya Katiba kuna sheria mbili utakazozisikia kila mara. Ya kwanza ni kitabu cha tatu cha sheria ya madai, dekreti ya 30 Julai 1888. Ni ya zamani sana, lakini majaji wanaitumia hadi leo. Kifungu cha 258 kinamlazimu yeyote aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake kuilipa. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutojali. Cha 260 kinagusa kuwajibika kwa ajili ya makosa ya wengine, kama mzazi kwa mtoto wake mdogo na mwajiri kwa mtu aliyemtuma kazi. Cha 261 kinahusu mnyama: mwenye mbuzi analipa alichoharibu mbuzi. Sheria ya pili ni ya jinai, dekreti ya 30 Januari 1940. Hiyo inaadhibu wizi na makosa ya jirani yake.

Tukio moja linaweza kuangukia sheria zote mbili. Aliyeiba pirogi yako anaweza kufungwa na pia kuamriwa akulipe, mbele ya jaji yuleyule.

Kilitokaje mkononi mwako?

Soma orodha hii polepole na utafute hali inayofanana na yako.

1. *Kilichukuliwa bila ridhaa yako.* Huu ni wizi, kifungu cha 79 cha sheria ya jinai. Wizi usio na nguvu wala vitisho una adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5. Ukifanyika kwa kuvunja nyumba au kwa nguvu, adhabu hupanda na kesi hupanda mahakama pia.

2. *Ulikikabidhi mwenyewe, kwa sharti la kurudishiwa au kutumiwa kwa kazi fulani, na aliyepokea akakiuza, akakila au akakificha.* Kosa hili huitwa "abus de confiance", kifungu cha 95, kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Liandike jina hilo kwenye karatasi, kwa sababu OPJ (afisa wa polisi ya mahakama) ataliandika hivyohivyo. Kwa mji wa mizigo kama Ubundu, hili ndilo kosa la kulifahamu kuliko yote.

3. *Kilikudondoka, akakiokota, akakaa kimya au akakiuza.* Kifungu cha 102 kinaadhibu kuficha kwa hila kitu kilichookotwa. Kuokota si kosa. Kosa ni kuficha.

4. *Kiliharibiwa.* Kwa makusudi ya ubaya, ni jinai, kifungu cha 112. Kwa uzembe, kwa mfano mwenye moto aliyegonga bidoni zako akikimbia mvua, ni madai tu, kwa vifungu vya 258 na 259.

5. *Kilitumiwa bila ruhusa, kisha kikarudishwa.* Jirani alifungua pirogi yako alfajiri akavulia, akairudisha saa sita ikiwa imepasuka, nawe siku yako ya uvuvi imepotea. Hakukusudia kuimiliki, kwa hiyo usiite wizi. Lakini ufa una gharama, na siku iliyopotea pia. Vyote viwili vinadaiwa kwa kifungu cha 258.

6. *Ulikiuza kwa mkopo, au ulikopesha fedha, na hujalipwa.* Hili ni deni, na deni si kosa la jinai.

Namba 2 na namba 6 ndizo zinazochanganywa zaidi, na mkanganyiko huo unaumiza pande zote mbili. Chukua magunia kumi ya makala (makaa). Ukimpa msafirishaji na kumwambia "peleka Kisangani, uza, niletee fedha", makala bado ni yako njiani. Akiuza na kula fedha, amevunja uaminifu mliowekeana, na parke (ofisi ya waendesha mashtaka) inaweza kumfuata. Lakini ukimwambia "chukua, utanilipa mwisho wa mwezi", umemuuzia. Makala yamekuwa yake tangu dakika hiyo, na wewe umebaki na deni. Maneno machache yaliyosemwa bandarini, bila shahidi, ndiyo yanayoamua. Kwa hiyo yaandike kabla mzigo haujaondoka.

Wapo maafisa wanaokubali kumweka mdeni ndani ili "alainike". Usiwaombe hilo. Kifungu cha 18 cha Katiba hakiruhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya mamlaka ya mahakama. Aliyefungwa kwa deni anaweza kesho kukushitaki wewe.

Jiandae kabla hujapoteza

Mali bila daftari huisha bila habari. Kisangani inalijua hilo kwa uchungu. Katika vita vya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katikati ya mji, na nyumba, maduka na vyombo vya watu vikateketea. Congo ilipofika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Hukumu ya 9 Februari 2022 iliiamuru Uganda kulipa milioni 325, na katika hizo ni milioni 40 tu zilizohesabiwa kwa mali. Ushahidi wa kila hasara, kitu kwa kitu, haukutosha, ikabidi majaji wakadirie kiasi cha jumla. Serikali iliunda mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, wenye makao Kisangani. Anayefika mbele yake na karatasi moja ya ununuzi au picha ya duka lake ana cha kuonyesha. Mwenzake ana mdomo tu.

Hakuna anayetunza risiti akitarajia vita. Lakini kazi ya kujiandaa ni ndogo:

- Simu: bonyeza *#06#, itaonyesha namba ya IMEI. Iandike kwenye daftari, si ndani ya simu ileile.
- Baiskeli: kuna namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini, karibu na pedali. Inakili. Ongeza alama yako ya siri mahali pasipoonekana.
- Moto: namba ya shasi, namba ya injini, na carte rose (karatasi ya usajili) kwa jina lako. Wengi hununua moto na kuacha carte rose kwa jina la muuzaji. Siku ya ugomvi, karatasi itamtaja yeye.
- Pirogi: alama ya chuma cha moto ndani ya ubavu, na picha.
- Mbuzi na nguruwe: alama ya sikio inayojulikana kijijini.
- Mzigo unaosafiri: barua ya makabidhiano, hata ya mistari minne.

> SANDUKU LA 1. Mistari minne ya makabidhiano
>
> Mimi .................., nimepokea leo tarehe ........ kutoka kwa .................. vitu hivi: (aina, idadi, hali, alama).
> Nimevipokea ili: kuvisafirisha / kuvitunza / kuvitengeneza / kuviuza na kuleta fedha. (Futa yasiyohusu.)
> Vinabaki mali ya aliyenikabidhi. Nitavirudisha au nitaleta fedha kabla ya tarehe .........
> Sahihi au dole gumba la kila upande. Majina na sahihi za mashahidi wawili.

Mstari wa tatu ndio wenye nguvu. Bila huo, mpokeaji atasema alinunua.

Anayebeba mzigo kwa malipo, awe mwenye boti au mwenye baiskeli, anawajibika ukipotea mikononi mwake, isipokuwa aonyeshe sababu iliyo nje ya uwezo wake. "Mvua ilinyesha" peke yake haitoshi ikiwa alijua ni msimu wa mvua na hakufunika chumvi yako.

Limetokea: hatua kwa hatua

1. Andika siku hiyo hiyo. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Kumbukumbu ya leo ina thamani kuliko ya mwezi ujao, na mashahidi nao husafiri.

2. Tafuta kilipo, bila kukigusa. Ukikiona kwa mtu, piga picha ukiweza, kumbuka namba na alama, nenda na shahidi. Kwa vitu vya kuhamishika, aliyekishika hudhaniwa kuwa mwenyewe hadi ithibitishwe vingine. Kazi ya kuthibitisha ni yako. Ndiyo maana daftari lilitangulia.

3. Dai kwa mdomo mbele ya mashahidi, kisha kwa barua. Watu huruka hatua hii kwa hasira, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Kama kitu kilifika kwake kwa halali, yaani ulimwazima, ulimpa atengeneze au alikiokota, kosa lake huanza kuonekana pale anapokataa kurudisha. Barua yako ndiyo inayoweka tarehe ya kukataa huko. Kwa Kifaransa cha ofisi inaitwa "mise en demeure".

> SANDUKU LA 2. Mfano wa barua ya kudai
>
> Ubundu, tarehe ..............
>
> Kwa ndugu ..................
>
> Tarehe ........ nilikukabidhi (au: ulichukua) .................., chenye namba/alama .................., mbele ya .................. na ...................
> Tarehe ........ nilikuomba ukirudishe, nawe hukurudisha.
> Nakuomba ukirudishe katika hali yake ndani ya siku nane tangu kupokea barua hii, kwa chefu wa kijiji au nyumbani kwangu. Baada ya hapo nitapeleka jambo hili mbele ya sheria na nitadai pia hasara niliyopata.
>
> Sahihi. Nakala: chefu wa kijiji.

Andika nakala tatu. Apokeaye atie sahihi kwenye yako. Akikataa, shahidi aandike: "Amekataa kupokea, tarehe fulani." Hiyo nayo ni ushahidi. Usitie matusi wala vitisho, kwa sababu barua hiyo itasomwa na jaji.

4. Pitia kwa chefu, ukijua mipaka yake. Kwa Walengola, Wamituku, Wakumu na Wagenia, ugomvi wa pirogi au mbuzi huanza barazani kwa wazee, na hilo ni jema: ni karibu, ni kwa lugha yako, na jirani anabaki jirani. Omba mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi. Lakini mapatano ni hiari. Chefu anapatanisha, na hawezi kumfunga mtu kwa wizi. Kama kuna nguvu, silaha au damu, usisimame hapo.

5. Peleka malalamiko kwa OPJ au parke. Hapa ni kwa hali namba 1 hadi 4 zenye kosa la jinai. Unaweza kuandika au kusema na yakaandikwa kwenye PV (taarifa rasmi ya afisa). Usitie sahihi PV hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Eleza kwanza jinsi kitu kilivyotoka mkononi mwako, kisha ambatanisha nakala, ukibaki na karatasi za asili. Sema wazi kwamba unataka kitu chako kirudi na hasara yako ilipwe. Hilo litakuwezesha baadaye kuingia kesini kama mwenye kudai fidia.

Malipo yoyote halali ya serikali yana karatasi. Ukiambiwa utoe fedha za "kalamu" au za "mafuta ya moto", uliza kwa heshima: "Mkubwa, nitapata risiti?"

6. Au nenda mahakamani moja kwa moja. Tribinali ya amani husikiliza makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 5, kwa hiyo wizi wa kawaida na "abus de confiance" vimo humo. Upande wa madai, sheria ya 11 Aprili 2013 inaipa kesi za thamani isiyozidi faranga 2,500,000. Zaidi ya hapo ni tribinali kuu, ambayo kwetu iko Kisangani. Kabla hujasafiri, uliza kwenye ofisi ya teritori ni tribinali gani inayosimamia sekta yako.

Kuna zana mbili ambazo watu wa kawaida hawazijui, nami natamani kila mwenye duka Ubundu azijue. Congo iko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu 12 Septemba 2012. Sheria za OHADA zinamruhusu anayestahili kurudishiwa kitu cha kuhamishika kumwomba rais wa mahakama atoe amri ya kukirudisha, bila kuanza kesi ndefu. Zinaruhusu pia "saisie-revendication": kitu kinafungwa pale kilipo, kisiuzwe wala kuhamishwa, hadi ijulikane ni cha nani. Kwa moto inayoweza kuvushwa hadi Kindu usiku mmoja, hiyo ya pili ni ya kuombwa mapema. Zote mbili zinahitaji msaada wa wakili au mtetezi wa mahakama. Kama huna fedha, uliza ofisi ya ushauri wa bure ya baro la mawakili Kisangani, na uombe cheti cha umaskini kwenye idara ya mambo ya jamii.

Hali zinazotokea kwetu mara kwa mara

*Moto ya versema.* Umemkabidhi kijana moto, analeta kiasi fulani kila siku. Akichelewesha versema, hilo ni deni. Akiiweka moto gaje (rehani) ili akope, au akiiuza, ni kifungu cha 95. Mkopeshaji aliyeipokea huku akijua si ya kijana yule yuko kwenye kifungu cha 101, cha wapokeaji wa mali ya kosa. Kama hakujua, hana kosa la jinai, lakini wewe bado unaweza kudai moto yako kwake kwa njia ya madai. Mpe naye barua.

*Fundi.* Fundi wa simu au wa baiskeli amemaliza kazi na hujamlipa. Hapo ana sababu ya kukishikilia kitu chako hadi alipwe. Hana ruhusa ya kukiuza. Lipa, chukua risiti, kisha dai. Wengi huenda kudai bila fedha ya fundi mkononi, na kesi hufia hapo.

*Mbuzi shambani.* Ameingia kwenye mihogo yako, umemkamata. Mwite chefu na agronomu wa sekta siku hiyo hiyo waone na kuandika uharibifu: mashina mangapi, umri gani. Kwa karatasi hiyo unadai kwa kifungu cha 261. Ukimchinja mbuzi, au ukimficha hadi ulipwe bei unayoitaka wewe, umegeuka kuwa mwenye kosa.

*Sare na bariere.* Askari au polisi amechukua baiskeli yako njiani. OPJ anaweza kukamata kitu kinachohusiana na kosa, lakini ni lazima aandike PV ya ukamataji inayoeleza kitu hicho, na aliyenyang'anywa aitie sahihi. Omba nakala. Kama hakuna PV wala risiti ya kodi, kumbuka saa, mahali, kikosi, jina au namba kwenye sare, na usibishane na bunduki. Kwa kifungu cha 156 cha Katiba, makosa ya wanajeshi na polisi huhukumiwa na mahakama za kijeshi. Malalamiko yako yaende kwa oditora ya kijeshi (waendesha mashtaka wa mahakama za kijeshi) Kisangani, na nakala kwa mkubwa wa kikosi chake. Yaandikwe na watu kadhaa walionyang'anywa mahali palepale, kwa sababu majina kumi hayapuuzwi kama jina moja.

*Mjane.* Hili naliandika kwa msisitizo. Mume amefariki, kaka zake wamefika na gari, wanabeba godoro, cherehani na sufuria. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele ya wote: wao hupata robo tatu ya urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi na vyombo vyake. Kaka wa marehemu hana haki ya kubeba kitu chochote kabla ya mgawo.

Mama, fanya hivi: siku ya kwanza ya msiba, mtu unayemwamini aandike orodha ya vyombo vyote mbele ya chefu na mashahidi wa pande zote mbili. Wakibeba, orodha iende kwa OPJ. Na wewe ambaye mume wako yu hai, kama ndoa yenu ya kimila haijaandikishwa kwenye ofisi ya hali ya raia, kaiandikisheni mkiwa wote wawili hai. Kazi ya asubuhi moja leo inaokoa miaka ya kulumbana.

Makosa ya kuepuka

- Kumpiga au kumchoma mtuhumiwa. Aliyekutwa akiiba anaweza kukamatwa na raia yeyote, kama kosa lina kifungo kinachofikia miaka 3, ili apelekwe mara moja kwa mamlaka ya karibu. Sheria inaishia hapo. Akifa mikononi mwenu, mnajibu kwa mauaji, na wasio na hatia wameshakufa hivyo kwa kufananishwa.
- Kumtangaza mtu mwizi sokoni kabla ya ushahidi. Kifungu cha 74 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumvunjia mtu heshima hadharani kwa kumtwika jambo mahususi kwa ubaya. Sema "namdai kitu changu", ambayo ni kweli na haikuhatarishi.
- Kumwendea mganga akutajie jina. Jina hilo si ushahidi mbele ya jaji yeyote, na limeshavunja familia nyingi.
- Kuvunja kufuli ili ujirudishie. Hata kama kitu ni chako, mlango si wako.
- Kununua rahisi bandarini bila kuuliza. Simu ya bei ya nusu isiyo na boksi, moto isiyo na karatasi: omba barua ya mauzo yenye jina, sahihi na shahidi. Mwenye mali akitokea, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa ulinunua kwa nia njema na nani wa kumdai fedha zako.
- Kupokea nusu ya fidia na kutia sahihi karatasi inayosema "jambo limekwisha". Andika "malipo ya kwanza" na kiasi kilichobaki.

Muda unaokimbia

Kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 5, kama wizi wa kawaida na "abus de confiance", parke ina miaka 3 tangu kosa lilipotendeka. Kwa makosa madogo yenye kifungo kisichozidi mwaka 1, ni mwaka 1 tu. Mapatano ya wazee yanayoahirishwa kila mwezi hayasimamishi saa hiyo. Ukiona baraza limekaa mara tatu bila karatasi, endelea na hatua ya tano huku mazungumzo yakiendelea.

> SANDUKU LA 3. Bahasha ya kwenda nayo Kisangani
>
> ☐ Kitambulisho au karata ya mchaguzi, na nakala
> ☐ Ushahidi wa umiliki: risiti, carte rose, namba ya IMEI au ya fremu, picha
> ☐ Barua ya makabidhiano, kama ipo
> ☐ Barua ya kudai, yenye sahihi ya kupokea au maandishi ya kukataa
> ☐ Karatasi ya baraza la chefu
> ☐ Majina, makazi na namba za simu za mashahidi
> ☐ Hesabu ya hasara: thamani ya kitu, siku za kazi zilizopotea, gharama za safari, na risiti zake
> ☐ Ukurasa mmoja wa tarehe, tangu kitu kilipotoka mkononi mwako hadi leo
> ☐ Nakala ya pili ya kila karatasi, imeachwa nyumbani